Uzito wa Visima vya Tumpe

Hironimus Mapunda alikuwa na kipaji cha kuonea wivu vitu ambavyo watu wengine huvipita tu barabarani. Aliwahi kununa juma zima kwa sababu jirani yake pale Mfaranyaki alipaka ukuta rangi ya maziwa, rangi ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaifikiria tangu mwaka juzi. Ndoo ya rangi hakuwa nayo, brashi hakuwa nayo, ukuta wenyewe ulikuwa haujapigwa plasta. Lakini wazo lilikuwa lake. Mkewe, Kasiana, alishamzoea. Akimwona anatafuna ugali polepole huku macho yakiwa dirishani, alikuwa anauliza tu, "Haya, leo nani kafanikiwa?"

Kwa hiyo mfanyakazi mpya aitwaye Tumpe alipoletwa ofisini, Kasiana aliuliza swali hilo mara nyingi hadi likamchosha.

Ilikuwa ofisi ndogo ya maji hapa mjini Songea, na humo Hironimus ndiye alikuwa mtu wa modeli. Modeli ni ardhi iliyofungiwa ndani ya kompyuta. Unaigawa nchi vijisanduku vijisanduku kama mche wa sabuni uliokatwa, unaiambia kompyuta mvua inanyesha kiasi gani, mito imepita wapi, mwamba upi unapitisha maji na upi unayagomea, halafu yenyewe inakwambia maji ya chini yako kina gani na yanaelekea wapi. Hironimus alijifunza kazi hiyo kwenye kozi fupi Dar es Salaam. Alirudi na cheti, begi la bure, na namna mpya ya kukohoa kabla ya kuongea. Tangu hapo hakumfundisha mtu. Akiwa ameifungua ile programu na mtu akasogea, alikuwa anashusha kioo cha kompyuta kama mama anayefunika chungu akisikia hodi.

Modeli ya safari hii ilianzia milima ya Matogoro ikateremka kufuata barabara ya Namtumbo, na ofisi nzima iliiita mtoto wa Hironimus. Mtoto alikuwa amekua, ana milima, ana mito, ana mvua yake. Kilichobaki ni kumpima kama anasema kweli.

Maana kuna namba ambazo huwezi kuzichimba ukaziona. Mwamba wa huku unapitisha maji kwa urahisi gani? Mvua kiasi gani inazama hadi chini badala ya kukimbilia mtoni? Hakuna anayejua. Unachofanya ni kuipa kompyuta mipaka, kwamba chini usipite hapa na juu usipite pale, halafu unaipa vipimo vya maji kutoka visima vya kweli, unaiacha ijaribu namba moja baada ya nyingine mpaka maji ya kwenye modeli yakae pale pale yanapokaa ya visimani. Kujaribu inajaribu kompyuta. Kazi ya binadamu ni kuiandaa isije ikajaribu upuuzi.

"Hii kazi mtaiandaa wawili," alisema Injinia Edmund, bosi wao, mtu mnene mwenye huruma na haraka. "Hironimus na Tumpe. Kikao cha wadau kinakuja. Na niseme mapema ili tusije tukalaumiana. Kitengo cha maji ya chini hakina mkuu tangu mzee astaafu. Atakayesimama mbele ya wadau na hii modeli, ndiye nitakayempendekeza."

Hironimus akakohoa. "Bosi, modeli nimeijenga mimi."

"Nani kakataa? Jengeni basi na hicho kipande kilichobaki."

Tumpe alikuwa binti wa Tukuyu, mrefu, mwenye shahada mbili na kicheko kinachosikika hadi kwa walinzi. Alikuwa na miezi michache tu Songea, lakini ungedhani kazaliwa mtaani Lizaboni. Kila Jumatatu alileta parachichi za kwao, akagawa meza hadi meza. Kila asubuhi alimwamkia Hironimus, "Shikamoo kaka," kwa heshima yote, na kila asubuhi Hironimus alijiona ameongezewa mvi. Angemwambia "mambo" angesema hana adabu. Alimwambia shikamoo, akasema anazeeshwa. Mtu wa hivyo utampatia salamu gani?

Wakagawana visima. Hironimus akachukua vya juu, vijiji vya chini ya Matogoro. Tumpe akapewa vya barabara ya Namtumbo. Tumpe akatoka, akakaa huko siku kadhaa, akarudi na vumbi hadi kwenye kope, karanga mbichi nusu gunia, na simu isiyoacha kuita. Wanakijiji walikuwa wanampigia kumuuliza kama kafika salama. Hironimus alikuwa amepima visima nchi hii tangu Tumpe yuko darasani, na hakuna kijiji kilichowahi kumuuliza kama kafika. Siku moja alitumbukia mtaroni na pikipiki ya ofisi, na kijiji kilichomwona kiliuliza kuhusu pikipiki.

Yeye vyake alivipima kwa mkupuo. Alikuwa anaondoka asubuhi na kurudi kabla ya chai ya saa nne kupoa, kwa sababu hakutaka Tumpe abaki na bosi muda mrefu wakizungumza modeli bila yeye. Akifika kisimani anakuta akina mama wamepanga ndoo, mpini wa pampu unapanda na kushuka. "Mama zangu, nipisheni dakika moja." Wanapisha. Anashusha ule mkanda wa kupimia, unaolia ukigusa maji, anaandika, anawasha pikipiki. Mpini ulikuwa haujaacha hata kutikisika.

Lakini kilichomchoma zaidi kilikuwa nyumbani kwake. Kasiana alikuwa fundi cherehani pale Majengo. Jioni moja Hironimus alirudi akamkuta ametandaza kitambaa cha bluu mezani, anakipima kwa uangalifu ambao suruali za mumewe hazikuwahi kuupata.

"Cha nani hicho?"

"Cha dada mmoja anaitwa Tumpe. Si mko naye ofisini? Ana maneno mazuri yule! Kaniambia mshono wangu Mbeya haupo."

"Cha kwenda wapi?"

"Kikao chenu cha wadau. Mwenyewe anasema yeye atakaa nyuma asikilize, ila anataka akae nyuma amependeza."

"Atakaa nyuma kwa gauni hilo?"

"Kwani nyuma kuna sare?" Kasiana akacheka, pini ziko mdomoni. "Baba, kula. Dagaa wanapoa."

Hakula. Alikaa akisikiliza cherehani ikimshonea adui gauni, ndani ya nyumba yake, kwa umeme wake.

Kesho yake ndipo alipofikia safu ya uzito.

Watu wa modeli wanajua kwamba vipimo vyote havilingani. Kisima kimoja kimepimwa vizuri, kingine kimepimwa na mtu aliyekuwa na njaa. Kwa hiyo kila kipimo kinapewa uzito, yaani kiasi cha kukiamini. Ukikipa moja, umeiambia kompyuta kikazanie hiki. Ukikipa namba ndogo karibu na sifuri, umeiambia kikikosewa usijali. Ni safu moja tu, nyembamba, na kompyuta haiulizi sababu. Fani nyingine mtu akiwa na wivu inabidi aseme maneno, aende kwa mganga, afanye fitina. Fani hii wivu umewekewa safu yake kabisa.

Hironimus akavipa visima vyake moja, moja, moja, hadi chini. Akafika vya Tumpe. Akasimamisha kidole. Akajiambia binti bado mgeni. Akajiambia mkanda wake ni mpya, haujaaminika. Akajiambia mtu anayecheka vile hawezi kusoma namba sawasawa. Tumpe mwenyewe alikuwa amekaa meza ya pili, anamenya karanga.

"Kaka, nikusaidie kujaza?"

"Tulia. Hii inataka uzoefu."

"Haya kaka. Karanga hizi hapa."

Akapokea karanga kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaandika sifuri nukta sifuri moja. Kisima baada ya kisima, barabara yote ya Namtumbo. Karanga zilikuwa tamu, na hilo nalo lilimuudhi.

Kompyuta ikahangaika mchana kutwa, feni inalia kama nzi kwenye chupa. Ilipomaliza, Hironimus aliangalia visima vyake vya Matogoro tu. Modeli na vipimo vilikuwa vimekumbatiana, hakuna tofauti ya kusema. Akahisi kifua kinapanuka. Huku kwingine hakufungua. Aliona nini cha kufungua? Akamwambia bosi mtoto yuko tayari, aitishe watu waone.

Wakakusanyika wote kwenye chumba cha mikutano, mtambo ukarusha picha ukutani. Hironimus akakohoa, akaonyesha Matogoro, watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kisha Injinia Edmund akasema, "Vizuri sana. Sasa teremka. Tuonyeshe Namtumbo."

Akateremka. Upande mzima wa chini ulikuwa bluu.

"Bluu ni nini?" akauliza Edmund.

"Bluu ni... maji, bosi."

"Ya chini?"

Hironimus akasoma namba, akasoma tena. "Yako juu, bosi. Juu ya ardhi."

"Juu kiasi gani?"

Yalikuwa juu kuliko bani la kukaushia tumbaku. Kwa mujibu wa modeli ile, wakulima wa barabara ya Namtumbo walikuwa wanapalilia tumbaku yao wakiwa wamezama, na wanafunzi wanakwenda shule kwa kuogelea. Mhasibu, ambaye hakujua lolote kuhusu modeli, ndiye aliyeanza. "Mimi shemeji yangu yuko huko. Nimpigie apande mtini?" Chumba kikaanguka kicheko.

Hironimus alijua pale pale. Kompyuta ilikuwa imeambiwa iyashushe maji ya Matogoro kwa gharama yoyote, kwa hiyo imeufanya mwamba wa juu kuwa chekecheo, namba zimekimbia hadi zimegonga mpaka wa juu, maji yote yameporomokea Namtumbo. Na Namtumbo hakukuwa na kipimo cha kusema hapana, kwa sababu kila kilichosema hapana kilikuwa kimepewa sifuri nukta sifuri moja. Alifungua mdomo aseme kitu, chochote, aulaumu umeme.

Tumpe akamtangulia. "Bosi, itakuwa mimi. Kaka kajenga vizuri, Matogoro si mnaona? Upande ulioharibika ndio niliopima mimi. Nirudi nikapime upya."

Edmund akamtazama kwa macho ya mzazi siku ya mahafali. "Mnamsikia? Hajatafuta kisingizio. Huyu ndiye mfanyakazi." Hata mhasibu akatikisa kichwa.

Hironimus akashindwa kuamini. Alikuwa ameharibu kazi kwa mikono yake mwenyewe, na sifa zimekwenda kwa Tumpe. Hata lawama kapokonywa!

"Hironimus," Edmund akasema, "nenda naye. Msimamie."

Walifika kijiji cha kwanza jua likiwa halijachomoza vizuri, kwa sababu Tumpe ndivyo alivyotaka. Kisimani palikuwa kimya. Mpini wa pampu ulifungwa mnyororo, na pembeni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa Mzee Hamisi, msimamizi wa pampu, amejifunika koti.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba mjukuu wangu. Alhamdulillahi, umerudi. Na leo umekuja na mume?"

"Huyu kaka yangu wa kazi, babu. Ndiye mkubwa wangu."

Mzee Hamisi akampima Hironimus juu hadi chini. "Basi mkubwa, mwambie huyu binti atanigombanisha na mji mzima. Nimefunga tangu jana jioni kama alivyoniomba. Mke wangu mwenyewe kanipitia hapa na ndoo tupu, kaniita jina ambalo tangu nimuoe sijawahi kulisikia."

"Ndaga fijo, babu," Tumpe akamshukuru kwa Kinyakyusa, akicheka. Akamgeukia Hironimus. "Maji yanayovutwa yanakuwa yameshuka, kaka. Nasubiri yatulie ndiyo napima. Safari ile nilikaa hapa tangu alfajiri bila hata chai. Lakini wewe unayajua haya, nakufundisha nini."

Aliyajua. Yalikuwa ya siku ya kwanza ya ile kozi ya Dar es Salaam, kabla hata ya kugawiwa mabegi. Na hapo akauona mpini wa Matogoro ukitikisika, akina mama wamempisha dakika moja, na yeye ana haraka ya kurudi kumlinda bosi. Maji aliyoyapima siku ile yalikuwa yameshushwa na ndoo za watu. Kwa hiyo hata ule upande uliotikisiwa vichwa ulikuwa uongo.

Akashusha mkanda mwenyewe. Aliomba Mungu wa Peramiho na watakatifu wake wote namba iwe tofauti. Mkanda ukalia. Akasoma. Ilikuwa ile ile aliyoiandika Tumpe mara ya kwanza, tofauti yake haifiki upana wa kidole. Kisima kilichofuata vivyo hivyo, na kilichofuata.

Njiani kurudi Tumpe hakucheka. Alikuwa ameegemea kioo cha gari. "Sasa tatizo liko wapi, kaka? Vipimo ni vile vile. Kuna mahali nimekosea, sipaoni."

Hironimus angeweza kunyamaza. Njia ilikuwa nyeupe kabisa: arudi ofisini, abadilishe ile safu bila mtu kuona, modeli inyooke, aseme vipimo vipya vimesaidia. Asimame mbele ya wadau, achukue kitengo. Alishaipanga hadi maneno. Na angefanya hivyo, msimfikirie vibaya wala vizuri, kama si Injinia Edmund.

Maana walipoingia ofisini, Tumpe alianza, "Bosi, bado natafuta kosa langu," na Edmund akaweka mkono kifuani. "Jamani! Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona unyenyekevu kama huu. Nitalisema hili mbele ya wadau. Nitasema nina kijana hapa anayekubali kosa bila..."

"Si lake!" Sauti ya Hironimus ilitoka kubwa hadi mlinzi akachungulia. "Kosa ni langu! La kwangu mimi! Yeye hilo kosa hata kulikosea hawezi!"

Edmund akamgeukia, mkono bado uko kifuani.

"Lako vipi?" Edmund akauliza.

Akaeleza. Alipoanza hakuweza kusimama. Akataja safu, akataja uzito, akataja mpini wa Matogoro. Edmund alitoa mkono kifuani taratibu. Tumpe alikuwa amesimama na mkanda bado begani.

"Vya kwangu uliviwekea ngapi?"

"Sifuri nukta sifuri moja."

"Na vyako?"

"Moja."

"Kaka." Akautua mkanda mezani. "Hata nusu? Mimi nimekaa na njaa kwenye ile ndoo, mzee wa watu anatukanwa kwa ajili yangu, halafu wewe unakula karanga zangu unaniandikia sifuri nukta sifuri moja?"

"Zilikuwa tamu," alisema Hironimus, na hakujua kwa nini amesema hivyo.

Edmund hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba kikaoni atasimama Tumpe, na pendekezo la kitengo litafuata hapo hapo, na kabla ya hapo wote wawili wakae waiandae modeli upya kwa adabu. Kesho yake Tumpe aliingia ofisini, akapita meza ya Hironimus, akasema, "Mambo," akakaa. Ile shikamoo aliyoichukia haikurudi tena.

Wakaiandaa. Hawakuongea zaidi ya lazima. Visima vya Namtumbo vikapewa moja. Vya Matogoro vikashushwa uzito, kwa sababu muda wa kuvipima tena vyote haukuwepo. Mipaka ya mwamba wakaibana, isitanuke hovyo. Tumpe alikuwa anauliza, "Hapa uliweka ngapi, na kwa nini?" na kila "kwa nini" ilimbidi ajibu. Kompyuta ikahangaika, ikamaliza. Maji yakashuka chini ya ardhi yalikotakiwa kuwa, na wakulima wa Namtumbo wakatoka kwenye mafuriko bila kujua walikuwemo.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Hironimus alikaa safu ya nyuma kabisa. Gauni la bluu lilimkaa Tumpe kama lililoota mwilini mwake, na Hironimus alimjua aliyelishona, na hakuweza hata kulisema vibaya. Tumpe alizungumza vizuri, bila kukohoa. Aliposema "tumejenga", macho ya Hironimus yalitafuta kama kuna mtu atakayegeuka amwangalie. Hakugeuka mtu.

Kisha mama mmoja wa kamati ya maji, kutoka moja ya vijiji vya Matogoro, akanyoosha mkono. Wema lilikuwa jina lake. "Mimi nauliza. Naona hapo ukutani visima vyetu vya juu mmeviamini kidogo kuliko vya wenzetu wa Namtumbo. Maji yetu yana kosa gani?"

Tumpe angeweza kulijibu. Akatupa macho safu ya nyuma, kipaza sauti kikiwa mkononi, kisha akasema, "Swali zuri, mama. Aliyevipima yupo. Kaka Hironimus, karibu."

Kama alikuwa anamheshimu au anamlipiza, Hironimus hakuja kujua hadi leo. Vichwa vyote viligeuka, vile alivyokuwa akivitamani. Akasimama. Kipaza sauti kikapitishwa mkono hadi mkono.

"Maji yenu hayana kosa, mama. Niliyapima mnachota. Nilikuwa na haraka." Akahamishia kipaza sauti mkono wa pili. "Kule Namtumbo, mwenzangu alisubiri hadi maji yakatulia. Ndiyo maana vipimo vyake vinaaminika kuliko vyangu. Nitakuja kupima tena."

"Uje basi asubuhi," Mama Wema akasema. "Na usitupishe dakika moja. Tutakufungia pampu."

Ukumbi ukacheka, kicheko cha kawaida tu, wala hakikuwa kibaya. Kisha makofi yakapigwa. Yalikuwa ya Tumpe. Injinia Edmund alikuwa amesimama, anapiga viganja kama anaua mbu. Hironimus naye akapiga, mawili matatu ya harakaharaka, halafu akakaa. Kule mbele modeli yake ilikuwa bado ukutani, milima yake, mito yake, mvua yake, na Tumpe anaibonyeza huku na huku akijibu watu, nayo inamtii kwa kila kitu kama vile haijawahi kuwa na baba. Akainama akajifanya anafunga kamba za viatu.